Msimbo wa Mkwe

Mnakuja kwangu Likombe na kompyuta mgongoni, shikamoo zenu nzuri, mnakaa barazani mnakula mihogo yangu, halafu mnafungua kazi zenu. "Bi Somoe, hebu tuangalizie hapa." Naangalia. Nakuta kipande kile kile cha msimbo, yale maandishi ya kuiamrisha kompyuta, kimeandikwa mara tatu, kila kimoja kimebadilishwa kidogo, na majina yake ni vituko vitupu: soma, soma mpya, soma mpya kweli. Nikiuliza hicho cha zamani kinafanya nini humu, mnachekacheka. "Aah, bibi, kile aliandika kaka fulani, tumeona tusikiguse." Hapo ndipo ninapofoka, na nyie mnanong'onezana kwamba bibi ana presha.

Sina presha. Kuna mtu nimemzika kwa sababu ya adabu ya namna hiyo hiyo. Leo kaeni niwaeleze, na huyo anayechezea simu aiweke chini.

Nyie wengi mnatengeneza programu za simu, yaani mnakaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, na ndani ya mfumo endeshi kuna kiini, ile sehemu inayoongea na chuma chenyewe. Kiini ndicho kinachogawa zamu, kinasoma waya, kinalaza mashine na kuiamsha. Programu ikikosea, inakufa peke yake, unaiwasha tena maisha yanaendelea. Kiini kikikosea, vyote vinakufa. Au vinaendelea kufanya kazi vizuri kabisa huku vinadanganya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Karakana yetu ilikuwa nyumba ndogo mjini Mtwara, bati limeliwa na chumvi mpaka unaona mbingu. Tulitengeneza masanduku ya kulinda mto. Sanduku linafungwa juu ya nguzo ndani ya Ruvuma, lina jicho linalotazama maji kutoka juu, betri, kioo cha sola na redio. Maji yakipanda, linapeleka habari kwa redio, king'ora kijijini kinalia, watu walioko bondeni wanapanda juu. Basi. Kiini chake tulikichukua kile kinachogawiwa bure duniani, tukakikatakata mpaka kikaenea kwenye kamashine kadogo. Na kile cha bure, wanangu, kinakuja na kila takataka. Kina msimbo wa kuendesha mashine za kuchapia, wa kamera, wa vile vishikizo vya kuchezea gemu. Mto unacheza gemu gani? Nilifuta wiki nzima, nikawa nasikia raha kama mtu anayefagia uwanja baada ya harusi.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Nandonde. Alikuwa fundi redio, akajifunza kompyuta utu uzima kwa ubishi tu, kwa sababu kuna kijana alimwambia hataweza. Alijua kazi, lakini msidhani alikuwa malaika. Siku moja aliona masanduku yetu hayana kibodi, akasema sasa msimbo wa kibodi wa nini, akaufuta. Sawa. Kumbe kile kiini alikuwa amekiweka kwenye mashine yake mwenyewe ya mezani. Ikawaka vizuri, akakaa aandike amri ya kurudisha alichofuta. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. "Somoe," akaniambia, "nimejifungia nje ya nyumba na ufunguo nimeuacha ndani." Alicheka mpaka akatoa leso kujifuta machozi.

Alinifundisha hivi, na mimi nawapa bure: kabla hujafuta kipande, uliza nani anakiita, yaani sehemu gani nyingine inakitumia. Usikiulize kichwa chako, kichwa kinasahau. Itafutishe mashine jina hilo katika kila faili, na uangalie pia wale wajanja wanaoliunga jina nusu huku nusu kule, maana ukilitafuta zima hulioni. Ukishajua wanaokiita, wahamishe mmoja mmoja. Usifute na kutengeneza kwa mkupuo mmoja. Futa, jenga, washa, lilaze sanduku, liamshe, liache lipigwe jua na mvua, ndipo uguse kingine. Likitokea la kutokea, angalau unajua umekanyaga wapi.

Mtu wa tatu pale karakana alikuwa Tadei. Kijana wa Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma, babu zake walivuka mto kutoka Msumbiji, mama yake analima mpunga bondeni. Fundi hasa, mpole, anaongea polepole kama anayehesabu maneno. Sasa huyu Tadei akamuoa Rozi, binti yake Mzee Nandonde. Tukacheza sindimba mpaka viatu vikakatika, na kuanzia siku hiyo kazi ikawa ngumu.

Mnajua wenyewe mambo ya mkwe kwa Wamakonde, hasa wale wa zamani. Mkwe humtaji jina. Hukai naye kiti kimoja, hupishani naye mlangoni, na humsemeshi hovyo. Tadei alifuata yote. Mzee akiwa amesimama mlangoni, Tadei anazunguka nyumba nzima anaingilia uani, jua kali, mikono imejaa vyuma. Tumekaa watu watatu chumba kimoja, meza zinagusana, Tadei ananiambia, "Bi Somoe, naomba umuulize mkwe kama betri ya Msimbati imerudi." Mzee hata kichwa hainui: "Somoe, mwambie mkwe iko kabatini." Mimi katikati nimekuwa mnara wa simu.

"Jamani si mmeshasikiana!"

Kimya. Wote wananingoja mimi.

"Haya, Tadei, iko kabatini."

"Ahsante, Bi Somoe. Mwambie mkwe ahsante."

Nilicheka sana wakati ule, kwa kweli nilidhani ni kichekesho tu. Lakini angalieni adabu ile iliingia wapi. Tadei akikuta kosa kwenye msimbo wa Mzee, haligusi. Ataligusaje, kwani ataingia chumbani kwa mkwe wake apange kitanda? Ananakili kipande chote, anakibandika chini yake, anatengeneza nakala yake. Cha Mzee kinabaki hapo hapo, na kosa lake, kimekaa kama mgeni wa heshima. Na Mzee alipendezwa. "Kijana ana adabu huyu," ananiambia. Kiini kikawa kinanenepa.

Sasa niwaeleze kipande chenyewe, maana ndicho kilichoua.

Sanduku la kwanza tulilifunga Kitaya. Haukupita muda, king'ora kikalia asubuhi kweupe. Watu wakakimbia kutoka bondeni na mikeka, na mbuzi, na mzee mmoja kabebwa kwenye baiskeli. Wakafika juu, wanageuka kutazama, mto umelala pale pale. Tulipokwenda tukakuta yangeyange amejenga mazoea ya kutua kwenye chuma chini ya jicho. Jicho linatazama chini, linaona mgongo wa ndege, linasema maji yamefika hapa! Tulitukanwa siku ile. Mwenyekiti wa kijiji alituambia tumfunge kamba huyo mbwa wetu anayebwekea ndege.

Mzee akaandika kipande cha kusoma kina cha maji. Akili yake ilikuwa hivi: maji hayaruki. Jicho likisema maji yameruka ghafla kupita kiasi, basi huyo ni ndege, puuza, rudisha kipimo cha mwisho ulichokuwa nacho. Ikafanya kazi, tukasifiwa. Halafu msimu mmoja mto ukapanda kwa fujo kweli, kipande kikasema ndege, king'ora kikanyamaza. Ilikuwa mchana watu wameona wenyewe, wakapona. Tadei akanakili kipande cha mkwe wake, akatengeneza nakala: jicho likisema maji yameruka, liulize tena, na tena. Ndege ataruka, atajigeuza, jibu litayumba. Maji hayayumbi. Likishikilia neno lake, liamini. Kizuri sana. Tukaielekeza programu ya king'ora iite kipande cha Tadei, tukafunga kazi. Cha Mzee kikabaki juu yake, hakijaguswa hata nukta.

Niwaambie kidogo habari za mama yake Tadei. Alikuwa anaitwa Luisa, nami nilimwita Ma Luisa. Nikienda Kitaya kukagua sanduku nilifikia kwake, nikala ugali wa muhogo na samaki wa mto, na sikuwahi kuondoka mikono mitupu. Miguu ilikuwa inamsumbua, magoti, anatembea na fimbo, lakini mpunga ukianza kuiva hashikiki. Anahamia bondeni, anakaa kwenye dungu lake la kulindia shamba, anafukuza ndege kwa makopo na nyani kwa matusi. Nguzo ya king'ora aliipenda kama ni mjukuu. Alikuwa anaifuta vumbi na kanga! Nikamwambia, "Ma Luisa, hicho chuma hakihitaji kufutwa." Akanijibu, "Hiki ni cha mwanangu. Ameniambia kikilia, nipande. Kisipolia, nikae nilinde mpunga wangu."

Mzee Nandonde akastaafu, na haukupita muda akapata kiharusi, upande wa kushoto wote ukalala. Kabla ya hapo alikuwa ameshagawa funguo. Kwenye kiini chetu kila sehemu ilikuwa na mtunzaji wake, na badiliko haliingii bila yeye kulikubali. Sehemu ya Mzee, yaani kusoma mto, kulaza na kuamsha sanduku, aliikabidhi kwa Tadei.

Ndipo masanduku yakaanza kuganda. Kiini kimenenepa, kumbukumbu ya mashine haitoshi, sanduku linasimama katikati ya kazi kama punda aliyechoka. Nikapewa kazi ya kusafisha. Nikafuta vya gemu, nikafuta vya kamera, kisha nikageukia nakala, maana hizo ndizo zilizokuwa nyingi. Nikafika kwenye kipande cha Mzee cha kusoma kina. Nikauliza nani anakiita, kama alivyonifundisha mwenyewe. Akabaki mmoja tu: ile sehemu ya kuamsha sanduku likitoka usingizini. Nayo ni ya Mzee, na ndiyo inayosoma mto kila sanduku linapoamka. Wakati Tadei anaandika nakala yake, sehemu ile hakuigusa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kama kung'oa msumari. Elekeza sehemu ya kuamka kwenye kipande cha Tadei, futa kile cha zamani. Nikaiandaa, nikampelekea Tadei aikubali. Hakuikubali. Nikamfuata mezani.

"Tadei, baba, hiki mbona umekiacha?"

"Bi Somoe, mkwe yuko kitandani."

"Najua yuko kitandani. Sanduku halijui."

"Nikifuta leo, akafa kesho, nitamtazamaje Rozi?"

"Kufuta msimbo ndiko kunaua watu siku hizi? Na hakipotei, historia yote inatunzwa, utakikuta humo mpaka kiyama."

Kisha akasema, "Sehemu alinipa niitunze. Hakunipa niibomoe."

"Basi niende mimi nikamuombe ruhusa."

Hapo akashtuka hasa, akanishika mkono. "Usithubutu! Mtu anaumwa, unakwenda kumuomba ruhusa ya kufuta alichoandika? Atadhani tumeanza kugawana vitu vyake angali hai. Atadhani mimi ndiye niliyekutuma. Subiri apone, nitamuomba mwenyewe, kwa utaratibu."

Nikamwambia kwa nini nakala mbili ni hatari. Nikamwambia kila ukiwa na vipande viwili vya kazi moja, utakuja kutibu kimoja na kingine kitabaki na ugonjwa, na hujui ni siku gani kitaitwa. Nikamkumbusha kwamba mama yake yuko kwenye bonde lile lile. Akatabasamu.

"Mama ana king'ora," akasema.

Nilirudi mezani kwangu nimekasirika. Ufunguo wa sehemu ile ulikuwa wake, si wangu.

Mwaka ule mpunga ulikuwa mzuri ajabu, kila mtu bondeni yuko kwenye dungu lake. Kitaya hapakunyesha sana, lakini wingu lilitanda siku nyingi, zito, jua hulioni. Juu kwenye vyanzo vya mto ndiko kulikokuwa kunamwagika. Sola haikupata kitu. Betri ikashuka, na sanduku likafanya kama lilivyofundishwa: likalala kupunguza njaa, linaamka kidogo, linasoma, linapeleka habari, linalala tena.

Mmeshaona? Linapolala, mto unapanda. Linapoamka, linaita kipande cha Mzee. Kinatazama maji, kinalinganisha na kipimo cha mwisho kabla ya usingizi, kinaona yameruka. Kinasema huyo ni ndege. Kinarudisha kipimo cha zamani, na kwa kipimo hicho king'ora hakina sababu ya kulia. Linalala. Linaamka, mto umepanda zaidi, pengo limekuwa kubwa zaidi, kwa hiyo linakataa kwa nguvu zaidi. Halikuharibika hata kidogo lile sanduku, lilitii kila neno tuliloliandikia.

Na sisi Mtwara tulikuwa tunatazama kioo cha kompyuta. Mto umetulia, mstari umenyooka. Tadei alikuwa anakunywa chai. Simu yake ikaita, mtu wa kwao.

"Bonde lote maji," nikasikia sauti inapiga kelele mpaka nje ya simu.

Tadei akageuka akatazama kioo. "Hapana, kaka. Mto umetulia, naona hapa."

"Unaona wapi?"

"Hapa kwenye kompyuta. Hakuna kitu. Labda ni mvua imetuama."

Yule mtu akasema polepole, kama unavyomwambia mtoto: "Tadei. Mimi nimesimama ndani ya maji."

Kikombe alikiweka mezani vizuri, hakukiangusha. Akaniuliza, "Bi Somoe, kimelia?" Nikamwambia hakijalia. Akaanza kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.

Wengine walitoka bondeni kwa sababu waliyaona maji kwa macho yao, wakatupa kila kitu wakakimbia. Wengi walipona. Ma Luisa hakupona. Walimkuta kwenye matete mbali kidogo na dungu lake, kanga imemzonga. Nilimwosha mimi na wanawake wengine. Siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo, nisameheni.

Pale msibani akaja mama mmoja jirani wa shamba, akakaa karibu na Tadei mkekani, akamwambia mbele yetu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mzigo anautua. Alisema yeye alipita kwenye dungu la Ma Luisa maji yakiwa bado miguuni. Akamwambia, mama, tupande, naona mto si wa kawaida. Ma Luisa akamjibu, "Tangulia tu. Chombo cha mwanangu hakijalia." Akaendelea kupiga kopo lake kufukuza ndege.

Tadei alisikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru yule mama, akamwambia, "Ahsante kwa kunieleza." Nilitamani alie. Hakulia, na mimi nikalia kwa niaba yake mpaka wakanitoa nje.

Tuliporudi Mtwara nilifungua kiini nikafuata njia yote, kutoka sanduku linapoamka mpaka kipimo kinapotoka. Nikamwonyesha Tadei. Sikupamba maneno, yeye ni fundi, alistahili kuambiwa kifundi. Alisoma, akarudia kusoma, akasema, "Ndiyo." Akaenda nyumbani. Nadhani ndiye aliyemwambia Rozi, na Rozi akamwambia baba yake, kwa sababu baada ya matanga kuisha nikaona gari limesimama nje ya karakana, na Mzee Nandonde anashushwa, fimbo mkononi, mguu mmoja anauburuta.

Alikaa kwenye kiti chake cha zamani. Tadei akainuka atoke kwa mlango wa uani, kama kawaida.

"Somoe," Mzee akasema, mdomo umepinda kidogo lakini maneno yanasikika, "mwambie mkwe akae."

Tadei akakaa, macho chini.

"Somoe, muulize mkwe kama ni kile kipande changu."

"Bi Somoe, mwambie mkwe ndiyo."

Safari hii sikupeleka neno. Tukakaa hivyo, na wao wananingoja, na mimi siwezi. Mwisho Mzee akamgeukia uso kwa uso, akafanya kitu ambacho sijapata kumwona akifanya tangu siku ile ya harusi.

"Tadei," akamwita. "Kwa nini hukukifuta?"

"Ni chako, mkwe."

Mzee akaiegemeza fimbo mezani. "Changu?" akasema. "Mwanangu, mimi hata nilikisahau kama kipo. Nilipoona nakala yako siku ile, nilijua hiyo ndiyo yenyewe. Nikadhani cha kwangu mmeshakitupa zamani."

Tadei akafunika uso kwa viganja.

Wanangu, nimeishi na hilo neno kuliko hata yale maji. Tadei alikuwa anamwogopa mtu ambaye hakuwapo. Huyo Mzee wa kuudhika, wa kudhani anagawiwa vitu vyake, tulimuunda wenyewe kichwani, tukampisha mlangoni. Mzee wa kweli angesema futa, halafu angeomba chai. Na mnajua nini kinaniuma? Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa mbaya. Nikitafuta wa kumlaumu nakosa, ndiyo maana nawafokea nyie. Kwa hiyo mkiona kazi ya mkubwa wenu imezeeka, nendeni mkamwambie. Mwamkieni, kaeni naye, mwambieni mzee hiki tunakitoa kwa sababu hii na hii. Akikasirika, atakasirika. Hasira za mkubwa zinapoa.

Mzee akasema, "Futa. Nakuangalia." Tadei akavuta kibodi. Akaelekeza sehemu ya kuamka kwenye kipande chake, akatia alama kile cha zamani mwanzo hadi mwisho, akabonyeza. Kikatoka. Mistari michache tu, wala haijazi kiganja. Tukajenga kiini upya, tukakiweka kwenye sanduku la akiba, tukalitoa uani likiwa limefungwa king'ora chake. Tukalilaza. Likiwa limelala, Tadei akaingiza ubao chini ya jicho, karibu kabisa, uwe ndio mto uliopanda sanduku likiwa usingizini. Tukangoja.

Likaamka. Likauliza jicho. Likauliza tena, na tena. Likaamini.

Jamani, kile king'ora. Kimetengenezwa kisikike bonde zima, na sisi tumekifungulia uani mjini. Mzee aliziba sikio moja kwa mkono wake mzima. Mimi nikampigia Tadei kelele azime, kitufe kiko upande wake. Hakuzima. Alikuwa amekaa chini kwenye mchanga, mgongo ukutani, anakitazama kinavyolia, na machozi ambayo hakuyatoa Kitaya yote yanamtoka pale.

Watu wakaanza kujaa kwenye uzio. Mji ulikuwa bado na hofu ya habari za mto, wengine wana ndugu zao kule. Mwanamke mmoja mtu mzima akaja mbio, kanga anaikusanya mkononi, anahema, akashika mti wa uzio akapaza sauti juu ya ule mlio.

"Mwanangu! Maji yamefika wapi?"

Tadei akainua uso akamtazama.

"Yameshapita, mama," akasema.